Eksteno ya kwaya haisomi, kompyuta inataka ifomatiwe: tufanyeje?

Swali limetoka kwa mwalimu wa kwaya ya usharika mmoja huko Moshi. Kwa kifupi anasema wana eksteno, yaani diski ya nje ya kubeba, ya TB 1 yenye rekodi zote za kwaya, zile treki za studio za kila wimbo pamoja na video za matamasha. Walikuwa wanakopi video kwenye kompyuta ya mezani ofisini, umeme ukakatika, na uliporudi diski ikichomekwa taa inawaka na inazunguka kawaida ila kompyuta inachelewa sana halafu inaleta ujumbe kwamba ifomatiwe. Kwenye laptopu ya katibu haionekani kabisa. Fundi mmoja mjini kawaambia wafomati tu atarudisha mafaili kwa programu, na kijana mmoja wa kwaya anasema wapasue kasha watoe diski ya ndani. Mwalimu anauliza amsikilize nani, na kama aje nayo Arusha.

Shikamoo mwalimu, na pole sana. Rekodi za kwaya sio kitu cha kurudia kesho, humo kuna sauti za watu ambao wengine wameshahama na wengine wameshatangulia mbele za haki, kwahiyo nitaandika kwa urefu na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaichomeka tena hiyo diski mahali popote.

Hao wawili kwa sasa usimsikilize yeyote, na huyo wa kufomati ndo wa kumwogopa zaidi. Ule ujumbe wa "You need to format the disk in drive E: before you can use it" sio ushauri wa kuokoa kazi yako, Windows inachosema hapo ni kwamba imeshindwa kusoma ile sehemu inayoonyesha mafaili yako wapi na yanaitwaje. Mafaili yenyewe mara nyingi yapo palepale. Ni kama kitabu cha nyimbo kilichochanwa kurasa za yaliyomo, nyimbo zote zipo ndani ila hujui uanzie ukurasa gani. Sasa ukifomati, hata ile ya haraka, unaandika yaliyomo mapya matupu juu ya mabaki ya yale ya zamani, na kwenu nyie hayo mabaki ndo mali, nitaeleza mbele kwanini. Na yule fundi akisahau tu kuweka tiki kwenye "Quick Format" ndo basi tena, maana Windows kuanzia Vista ya mwaka 2007 inaandika sifuri diski nzima, hapo hata uipeleke maabara gani duniani hakuna cha kurudisha.

Kuna na wengine watakuambia upitishe chkdsk, ile programu ya Windows ya kukagua diski. Usikubali. Kazi ya chkdsk ni kuhakikisha daftari la diski linajipatanisha lenyewe, kuokoa faili lako sio kazi yake, ikikuta maandishi ambayo haiyaelewi inayakata na kusonga mbele. Nimeletewa hapa diski ya jamaa wa utalii, picha za wageni wa miaka mingi, chkdsk imeachwa usiku kucha kwenye diski yenye sekta mbovu (sekta ni vile vipande vidogo vidogo vya diski vinavyobeba data), na asubuhi folda nyingi zimebaki majina tu, na pembeni kuna folda inaitwa found.000 imejaa vipande vya FILE0000.CHK, FILE0001.CHK na kuendelea, hakuna anayejua kipi ni cha nani. Ile diski ingeletwa jana yake kazi ingekuwa nyepesi mno.

Kwahiyo utaratibu wangu ni huu na siuvunji kwa mtu yeyote: kwanza kopi, tiba baadaye, na tiba yenyewe inafanyika kwenye kopi. Diski yenyewe haiandikwi kitu, hata herufi moja.

Sasa tuanze na vitu rahisi maana huwezi jua, mara nyingine shida ni waya tu. Hizi eksteno ndogo za kubeba hazina adapta yake, zinakula umeme wa USB, na tundu la USB 2.0 kawaida linatoa miliampia 500, la USB 3.0 linatoa 900, wakati mota ya diski inapoanza kuzunguka inavuta umeme mwingi kuliko ikishatulia. Tundu likiwa dhaifu au waya mrefu au umepitia kile kigawanyio chenye matundu manne, taa itawaka vizuri tu, taa haihitaji umeme mwingi, ila diski haifiki mwendo wake na kompyuta haiioni. Hiyo ya laptopu ya katibu kutoiona kabisa inaweza kuwa hiyo tu. Angalia na kile kichwa cha waya kinachoingia kwenye diski, kile bapa kipana kama vichwa viwili vimeunganishwa, kishike taratibu: kikicheza kushoto kulia au kimelegea hapo ndo penye mashaka. Azima waya mfupi wa mtu ambaye diski yake inasoma, chomeka tundu la nyuma la ile kompyuta ya mezani au tundu la bluu la laptopu nyingine. Ila mwalimu, usianze ule mchezo wa kuukunja waya na kuutafutia pozi mpaka ikubali, kila ikikata na kurudi diski inazima na kuwaka upya, na diski mgonjwa kuwaka upya ndo kunamchosha kuliko yote. Jaribu mara moja kwa waya mzuri, ikigoma acha.

Wakati inawaka, sikiliza. Weka sikio karibu. Mvumo laini unaopanda halafu ukatulia ni dalili njema. Ukisikia tik, tik, tik kwa mapigo yanayolingana halafu kimya, vile vichwa vya kusomea vimeshindwa kupata vinachotafuta kwenye sahani za ndani zinazobeba data, chomoa hapohapo. Ukisikia mlio mwembamba pii, pii bila kuzunguka, ama umeme hautoshi ama mota au vichwa vimenasa, na kama umeshabadilisha waya na tundu na bado, chomoa pia. Hizo mbili za mwisho hakuna programu inayoziweza, hata iwe ya kulipia, na kila dakika unayoiacha imewaka vichwa vinaweza kuwa vinakwangua sahani zenye sauti zenu. Wewe umesema inazunguka kawaida, hiyo inanipa moyo.

Ikisomeka hata kidogo, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Disk Management. Hapo kikitokea kisanduku kinaomba "Initialize Disk", bonyeza Cancel. Nasema tena Cancel. Halafu angalia pale chini, upande wa kushoto kwa kawaida utaona Disk 0 ambayo ni ya kompyuta yenyewe, na chini yake Disk 1 ambayo ni yenu. Usome ukubwa tu. Diski ya TB 1 iliyo sawa itaandikwa 931.51 GB, usishtuke kwamba pungufu zimeibiwa, kiwanda kinahesabu kwa elfu elfu na Windows inahesabu kwa 1024. Ikiwa imeandika 931 na pembeni RAW, basi diski inaongea vizuri na kompyuta, kilichoumia ni yaliyomo, na hiyo ndo hali nzuri kuliko zote. Ikiwa 931 lakini imeandika Unallocated bado sio mbaya, jedwali la mgawanyo ndo limepotea. Ila ikionyesha ukubwa wa ajabu, sijui 0, sijui GB 3, au Disk Management yenyewe inaganda haifunguki mpaka uchomoe, hapo ugonjwa uko ndani zaidi, ama ile bodi ndogo ya USB inayounganisha diski na waya ama diski yenyewe imeshindwa kusoma maelekezo yake ya ndani ambayo sehemu yake kubwa imeandikwa kwenye sahani hizohizo. Usihangaike nayo nyumbani.

Kwa maelezo yako, hiyo ya kuchelewa sana kabla ya kuleta ujumbe, mi nahisi una vyote viwili kidogo kidogo: yaliyomo yameharibika na kuna sekta kadhaa zinasomeka kwa shida. Umeme ukikatika wakati diski inaandika, sekta iliyokuwa inaandikwa inaweza kubaki nusu, ile hesabu ya ukaguzi hailingani na kilichomo, basi diski inairudia na kuirudia kabla ya kukubali kwamba imeshindwa, na wewe unaona kompyuta imeganda. Ukiwa na CrystalDiskInfo, programu ya bure ya kuangalia afya ya diski, itakuonyesha mistari ya 05, C5 na C6 inayohusu sekta zenye shida. C5 ndo sekta zinazosubiri hatma, ikiwa na namba zaidi ya sifuri ujue ndo hizo. Kuna eksteno ambazo bodi yake ya USB haipitishi hizo taarifa, usipoziona usiilaumu programu.

Hapo sasa ndo tunaingia kwenye kopi yenyewe, na sio kopi ya kuburuta folda. Unapiga kopi ya diski nzima sekta kwa sekta kwenda kwenye faili moja kubwa lililoko diski nyingine. Natumia programu ya ddrescue kwenye Linux (mfumo wa kompyuta kama Windows ilivyo), ya bure, unaweza kuwasha laptopu yoyote kwa flashi ya Ubuntu bila kugusa Windows yake, kwenye Ubuntu inasakinishwa kwa jina la gddrescue. Sababu ya kuipenda ni kwamba inasoma kwanza sehemu zinazosomeka kirahisi, ikikutana na pabaya inaruka, halafu inarudi mwishoni kupambana na yale magumu, yaani hata diski ikifa njiani umeshabeba sehemu kubwa. Na inaandika ramani ya ilipofikia. Huku kwetu hiyo ramani ni dhahabu, umeme ukikatika saa nane za usiku unaendelea ulipoishia badala ya kuanza moja. Hata hivyo tumia laptopu yenye betri nzima na uzime ile ya kulala yenyewe.

Andika lsblk kwanza uone diski yenu imepewa jina gani, tuseme sdb, uitambue kwa ukubwa. Halafu ukiwa ndani ya ile diski ya kupokea:

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb kwaya.img kwaya.map

Ikimaliza mzunguko huo wa kwanza:

sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb kwaya.img kwaya.map

Chanzo kinatangulia, mpokeaji anafuata. Ukigeuza unaweza kufuta kila kitu, kwahiyo kama hujawahi kushika Linux usijifunzie kwenye diski hii, mpe anayejua. Diski ya kupokea iwe kubwa kuliko TB 1, na isiwe imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32 maana huo haupokei faili linalozidi GB 4. Muda: diski nzima kwa mwendo wa MB 100 kwa sekunde ni kama masaa matatu, kwa USB 2.0 andaa masaa nane au zaidi, na zikiwepo sekta mbovu nyingi inaweza kwenda siku nzima au siku kadhaa. Acha, usiiguse, feni ya pembeni iipulize.

Ukishakuwa na kwaya.img mkononi ndo moyo unatulia, unaweza kukosea na kurudia. Hapo unaifungua kwa TestDisk, ni ya bure pia, unaandika testdisk kwaya.img. Inatafuta mgawanyo uliopotea, ukiupata bonyeza P uone kama folda zinajitokeza na majina yake. Zikitokea, zichague kwa kubonyeza : halafu ubonyeze C kubwa uzikopi kwenda diski nyingine tena. Kuna tumaini la kweli hapa kwa sababu NTFS, mmoja wa mifumo ya kupanga mafaili kwenye diski, inaweka nakala ya sekta yake ya kwanza mwishoni mwa mgawanyo, na mfumo mwingine wa exFAT unaweka nakala karibu na mwanzo, kwahiyo kama kilichoumia ni hicho kimoja tu, nakala inatosha kurudisha vyote. exFAT ndo inaumia zaidi na umeme wa ghafla maana haina ile shajara ya mabadiliko waliyonayo NTFS. TestDisk ikishindwa ipo programu nyingine ya DMDE, toleo la bure linatoa mafaili mpaka 4000 kwa mara moja kutoka folda uliyoifungua, kwa kwaya hiyo inaenda mbali tu.

Sasa nilisema nitaeleza kwanini nang'ang'ania majina na folda. Mafundi wengi wakiona RAW wanakimbilia PhotoRec au programu za namna hiyo, zinazopita diski nzima zikitafuta mafaili kwa alama zake za mwanzo, WAV inaanza na herufi RIFF, picha ya JPEG inaanza na FF D8 FF. Kwa mwenye picha za harusi inasaidia sana, picha utaitambua kwa macho hata ikiitwa f0482113. Lakini wewe mwalimu hesabu na mimi: treki moja ya WAV ya biti 24 kwa 48,000 ni kama MB 8.6 kwa dakika, wimbo wa dakika tano wenye treki 24 ni kama GB 1, sasa nyimbo za miaka yote ni maelfu ya mafaili, na yote yamerudi yakiwa na namba badala ya "Soprano 2" au "Besi gita". Na lile faili la mradi la Cubase au chochote mnachotumia linaita treki kwa jina na folda yake, lisipozikuta linafunguka tupu. Kibaya zaidi, kama mlikuwa mnarekodi moja kwa moja kwenye hiyo eksteno, treki zote zilikuwa zinaandikwa kwa wakati mmoja, kipande cha hii kipande cha ile, kwahiyo kwenye diski zimechanganyikana, na PhotoRec mara nyingi inachukulia faili limenyooka kutoka mwanzo mpaka mwisho. Utafungua faili unasikia sekunde chache za alto, halafu ngoma, halafu kelele. Yale yaliyomo ya zamani ndo pekee yanajua kipande kipi kinafuata kipi. Ndo maana nimesema fomati kwenu ni mwiko, na PhotoRec iwe ya mwisho kabisa, ikifanyika kwenye image, yaani ile kopi ya kwaya.img.

Kuhusu kijana wa kwaya anayetaka kufungua kasha. Kuna kufungua kwa aina mbili. Kutoa kasha la plastiki tu, ndani ukakuta diski ya kawaida ya SATA (tundu la diski za ndani za kompyuta) na bodi ndogo ya USB, ukaichomeka SATA moja kwa moja, hiyo ni njia halali na huwa inasaidia bodi ya USB ikiwa imeungua. Ila sio zote ziko hivyo, WD My Passport nyingi tundu la USB limechomelewa kwenye bodi ya diski yenyewe, hakuna SATA ya kuchomeka, na nyingi data imefungwa kwa usimbaji ndani ya chipu hata kama hamjawahi kuweka nenosiri, kwahiyo msibadilishe bodi kienyeji. Hata kwa diski nyingine bodi ya diski inayofanana na yako haitoshi, kuna chipu ndogo yenye vipimo vya diski hiyo tu, lazima nayo ihamishwe. Kufungua kwa aina ya pili, kile kifuniko cha chuma chenye skrubu za nyota, huko ndo kaburi. Vichwa vinaelea juu ya sahani kwa nanomita chache tu, wakati unywele wa mtu una unene wa nanomita elfu hamsini mpaka laki moja, sasa punje ya vumbi letu la kiangazi, iwe Pasua au Ngarenaro, inaingia pale kama jiwe. Kazi hiyo ni ya chumba safi maalum, hata kama ni kuipeleka nje ya nchi. Na friji usiisogelee, watu bado wanashauriana, ukiitoa inatoka jasho na maji yanaishia kwenye bodi.

Je uje Arusha? Ikiwa umebadilisha waya na ukaona 931 na RAW, na Moshi yupo mtu anayekuambia kwa mdomo wake "napiga image kwanza", mpe kazi hapohapo, huna haja ya nauli. Muulize hilo kabla ya bei. Muulize pia kama asipofanikiwa unalipa nini, mkubaliane na kuandikishana, na diski ya kupokea nunua wewe mwenyewe uondoke nayo, maana humo kuna mambo ya usharika sio ya kubaki kwenye mashine ya mtu. Akishika kipanya kwenda kwenye Format wakati anakuangalia usoni, chukua diski yako uage.

Kama inagonga, inalia pii, au ukubwa ni wa ajabu, usiiwashe tena kabisa hata kwa kuonyesha wazee wa usharika, ifunge na sponji, waya wake pembeni, na uje nayo. Kwenye Coaster isiende buti wala juu, ishike mapajani. Ikiwa imezimwa vichwa vimeegeshwa pembeni kwahiyo barabara ya Boma Ng'ombe mpaka huku haitaidhuru, kinachoua ni kuanguka au kutikiswa ikiwa inazunguka. Uje na jina la mafaili mawili matatu unayokumbuka na mwaka wake, inasaidia sana kutafuta, na uniambie ilikuwa inatumika Windows tu au na Mac.

Mafaili yakisharudi usiridhike kwa kuona folda zimejaa. Faili linaweza kuwa na jina sahihi na ukubwa sahihi na ndani likawa tupu. Fungua mradi wa nyimbo kadhaa za miaka tofauti, piga treki moja moja kwa kuzitenga, sikiliza mwanzo, katikati na mwisho, mpe na kiongozi wa kila sauti asikilize ya kwake maana yeye ndo anajua pale pameruka. Mkishajiridhisha kopi mbili, moja ibaki ofisi ya usharika na nyingine ikae kwa katibu nyumbani, na kila mtu anayeichomeka ajue kubonyeza Eject kabla ya kuchomoa. Ile diski ya zamani pamoja na kwaya.img vikae hivyohivyo bila kufutwa mpaka zoezi la kusikiliza liishe, hata likichukua mwezi.